Siku Nuhu Alipoingiza Jenereta Ndani

Mvua ilikuwa imeingia siku ya tano. Mji mzima wa Baraka ulikuwa unatiririka, na mbingu ilikuwa nyeupe kama maji ya kuloweka mihogo. Latifa aliamka, akaenda kutazama friji kabla hata ya kunawa uso.

Taa ya friji haikuwaka.

Ndani yake kulikuwa na samaki kidogo. Juu, kwenye bakuli lenye kifuniko, kulikuwa na chupa sita ndogo za insulini. Zilikuwa za Salma, binti yake wa miaka minane. Salma ana ugonjwa wa sukari. Bila dawa ile hawezi kuishi. Chupa zilitoka Bukavu, na nyingine zingefika baada ya miezi miwili, kama barabara itakubali. Muuguzi alimwambia Latifa: chupa uliyofungua inaweza kukaa nje ya friji wiki nne, mahali pasipo na joto. Lakini chupa za akiba zikae kwenye friji. Joto linaziharibu polepole, na kwa macho huwezi kujua.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkaa Latifa moyoni. Kwa macho huwezi kujua.

"Baba Salma," alimwita mume wake, "onduleur imekufa."

Onduleur ni sanduku lao la ukutani. Paneli mbili za juu ya paa zinakusanya umeme wa jua na kuutia kwenye betri. Onduleur inachukua umeme wa betri na kuugeuza uwe umeme wa friji na taa. Jua likikosekana siku nyingi, betri inaisha, na onduleur inajizima.

Nuhu alitoka akifunga mkanda. "Haikufa. Iko na njaa. Mi naenda Lweba kwa kaka. Iko na groupe, naye haitumii."

Groupe ni jenereta. Ndivyo watu wa Baraka wanavyoiita.

"Kwa mvua hii?"

"Mvua haili muntu, mama Salma."

Alirudi saa tatu kwa pikipiki, jenereta ikiwa imefunikwa kwa shiti ya plastiki. Latifa alionyesha uwanja. "Weka kule nyuma."

"Kule nyuma? Ile ya jirani yetu Néhémie, wezi waliibeba mchana, ikiwa bado ya moto. Tena mvua itaiingia." Nuhu aliiburuta mpaka kwenye korido, kati ya jiko na chumba cha Salma. Kisha akafungua mlango wa nyuma. "Moshi utapita huku."

Latifa hakupenda. Lakini alifikiri zile chupa sita, akamwacha.

Nuhu alivuta kamba. Jenereta ikanguruma. Alichomeka friji moja kwa moja kwenye jenereta, na taa ya friji ikawaka. Latifa alishika kifua na kupumua.

"Umeona?" Nuhu alisema. "Sasa nalisha betri pia."

Aliketi chini na kuanza kuunga waya wenye fishi mbili, yaani plagi, moja kila upande. Zamani, kabla hawajapata paneli, ndivyo walivyofanya. Fishi moja iliingia kwenye jenereta, ya pili kwenye prizi, soketi ya ukutani, na nyumba nzima ikawaka. Nuhu hakuona kwa nini leo iwe tofauti.

Salma hakwenda shule kwa sababu ya mvua. Alikuwa kitandani anachora. Saa moja karibu ilipita.

"Mama," aliita. "Kichwa."

Latifa alipofika mlangoni, mtoto alikuwa anatapika.

Sukari, Latifa alifikiri. Alichukua kile kipimo kidogo, akamchoma Salma kidole, akatia tone la damu, akangoja. Mia moja kumi na nane. Namba nzuri. Hakuamini. Alichoma kidole kingine. Mia moja ishirini na moja.

"Sukari iko muzuri," alisema.

"Basi ni malaria," Nuhu alijibu kutoka korido. "Hata mi kichwa kinaniuma."

Latifa alisimama. Kichwa chake pia kilikuwa kinamuuma. Alidhani ni uchovu. Lakini malaria gani inakamata watu watatu kwa saa moja? Akamtazama Salma. Macho ya mtoto yalikuwa yanajifunga, na hakuwa mtoto wa kulala asubuhi.

Alimbeba, akatoka naye kwenye mvua, bila viatu.

Nyumba ya mbele ni ya Arlette, fundi wa paneli. Alikuwa barazani anarekebisha redio ya mtu.

"Mama Salma, unamutembeza mutoto kwa mvua?"

"Ametapika, dada. Anasinzia. Sukari nimepima, iko sawa. Na sisi wote vichwa vinauma."

Arlette hakuuliza habari ya malaria. Alitega sikio. "Ile groupe inalia wapi?"

"Ndani. Kwa korido."

Arlette aliacha redio. "Muketishe hapa kwa hewa. Wewe usirudi ndani." Alikimbia mpaka mlango wa nyuma. "Baba Salma, zima, toka."

"Namaliza waya."

"Waya utaukuta. Zima, toka."

Nuhu alizima. Alipotaka kusimama, magoti yalikataa. Alitoka akishika ukuta kama mzee, akaketi kwenye matope.

"Ni moshi," Arlette alisema. "Nawaitia mutu wa pikipiki, muende wote watatu kwa muganga, kituo cha afya. Mwambieni groupe ilikuwa inatumika ndani. Musisahau kumwambia. Moshi ukiisha, chupa za Salma nitazitia kwenye friji yangu, betri yangu bado iko na nguvu."

Kwenye kituo cha afya, muuguzi alimwekea Salma oksijeni, hewa safi ya mashine, kupitia kifuniko cha mdomo na pua. Latifa na Nuhu nao waliwekewa kwa zamu. Latifa alikaa akitazama kifua cha mtoto. Kilipanda, kilishuka. Kila kiliposhuka, aliogopa hakitapanda. Nuhu alikuwa kwenye benchi, kichwa chini. Alasiri Salma alifungua macho, akauliza kama fufu, ugali wa muhogo, ipo.

Nuhu alitoka nje. Latifa alimsikia analia.

"Mungechelewa kidogo, tungesema maneno mengine," muuguzi alisema taratibu.

Asubuhi iliyofuata, Arlette alikuja na mkoba wake wa vyombo vya kazi. Nuhu alimpa kiti, hakumtazama usoni.

"Mulilaza groupe ndani kama mugeni wa Idi," Arlette alisema. "Na mutoto munamupa moshi."

"Niliogopa wezi, dada."

"Najua. Sisi wote tunawaogopa. Lakini sikia. Ndani ya ule moshi kuna hewa ya sumu. Haina rangi, haina harufu. Moshi unaouona unaweza kupita mulangoni, ile sumu inabaki na nyinyi. Inaumiza kichwa, inatapisha, inalegeza miguu, kisha inalaza. Na aliyelala haamuki."

"Hata ukifungua dirisha?" Latifa aliuliza.

"Hata ukifungua yote. Hapana ndani, hapana kwa jiko, hapana kwa baraza. Hatua kumi kutoka nyumba, au zaidi. Bomba la moshi litazame mbali na milango, ya kwenu na ya jirani."

Arlette aliokota ule waya wenye fishi mbili. Aliuangalia muda mrefu.

"Na huu ulikuwa wa nini?"

"Wa kutia umeme kwa prizi," Nuhu alijibu.

"Ukichomeka upande mumoja kwa groupe, vyuma vya upande wa pili viko na umeme. Salma akivishika, basi. Tena onduleur inatoa umeme kwa zile prizi. Groupe ikisukuma umeme kutoka upande wa pili, vinakutana, onduleur inaungua."

"Zamani haikuungua kitu."

"Zamani hamukuwa na onduleur."

Nuhu alichukua kisu akaukata waya vipande vipande, bila kuambiwa.

Arlette alimwita Latifa kwenye sanduku la ukutani. "Soma hapa chini, mama Salma."

Latifa alisoma polepole. "AC IN."

"Huu ni mulango wa kuingiza umeme wa groupe. Onduleur yenyewe inaupokea, inalisha nyumba, na inajaza betri. Kama haina mulango huu, unatafuta chaja ya betri. Usichomeke kwa ukuta."

Kazi ilichukua siku mbili. Nuhu alisimamisha miti minne mwisho wa uwanja, akatia bati juu, bila kuta. Alizika chuma kwenye simenti, akafunga jenereta kwa mnyororo mnene. Arlette alipitisha waya imara mpaka kwenye onduleur. Akapunguza nguvu ya kujaza betri, kwa sababu jenereta ile ni ndogo, ikibebeshwa mzigo mkubwa itazimika.

"Musingoje betri ife," alisema. "Mawingu yakikaa siku mbili, washeni asubuhi. Groupe ingurume dakika chache mupaka itulie, ndipo muiunganishe. Pasi musitumie. Betri ikikaribia kujaa, zimeni, jua litamalizia. Na esanse, ile petroli, muongeze ikiwa imezimwa na imepoa."

Chupa sita zilirudi nyumbani; muuguzi alisema usiku mmoja bila friji haukuziharibu.

Wiki iliyofuata mawingu yalikaa tena. Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, Nuhu alikwenda mwisho wa uwanja. Kabla ya kuvuta kamba, alitazama upepo unavuma wapi. Jenereta ilisikika kwa mbali. Taa ya friji iliwaka. Onduleur ikaanza kujaza betri, bila mlio.

Latifa hakuweza kupika. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha Salma, anatazama kifua chake. Kilipanda, kilishuka.

"Mama, unaangalia nini?"

"Naangalia unavyopumua."

"Mi napumua tu," Salma alisema, na kugeuza ukurasa wa daftari lake. "We nenda upike. Mi nasikia njaa."