Aliyeikata Kamba ya Kimya

Nondo ya kwanza ilimpata Kimya begani, na hakujua hata imetoka wapi.

Angejuaje? Alikuwa amepiga magoti chini ya ngazi za soko, kofia ya kuchomelea imemfunika uso, cheche zinaruka, na masikio yake yalikufa tangu utotoni. Mabaunsa watatu walikuja mchana kweupe, mbele ya wauza nyanya na wauza viatu, kila mmoja na chuma mkononi. Soko zima liliwaona. Asiyewaona alikuwa yule yule waliyemfuata.

Jenerali aliwaona kabla ya wote. Alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, si mbali na Kimya, mchumba wake, kamba mkononi. Kamba hiyo aliisuka mwenyewe kwa vitambaa vinavyobaki mezani kwake, maana ni fundi cherehani. Ncha moja hufungwa kwenye mkanda wa Kimya, nyingine kwenye mkono wa kiti. Akivuta mara moja, mteja amekuja. Akivuta mfululizo, acha kila kitu ugeuke. Watu wa soko walidhani ni mahaba tu, wakawatania eti mwanamke amemfunga mume kabla ya ndoa. Wenyewe walicheka, wakawaacha wadhani hivyo. Aliyeambiwa ukweli nje ya wao wawili alikuwa mtu mmoja, wa damu ya Jenerali.

Akavuta. Kamba ikamjia mapajani, nyepesi, haina mtu.

Akavuta tena, kisha akaanza kupiga kelele. Mapenzi yana wazimu wake jamani. Alimwita kwa jina mtu asiyesikia, akamwita tena na tena, huku nondo ya pili ikimkuta Kimya mbavuni. Ya tatu ilimvunja mkono wa kulia, na mlio wa ule mfupa uliwafikia mpaka wauza nyanya.

Basi Jenerali akasukuma magurudumu kwa nguvu zake zote, akamgonga baunsa mkubwa nyuma ya magoti. Jamaa akayumba, akageuka, akakipiga teke kiti kikapinduka na mwenyewe ndani yake. Jenerali akajiburuta kwa viwiko mpaka akalikumbatia lile guu, akaling'ata. Aling'ata mpaka damu ikamjaa mdomoni, na baunsa akalia kama mtoto, akamkanyaga usoni kwa kiatu cha mguu wa pili. Jino lilitoka pale pale. Hakuachia.

Na kaka yake? Kaka yake mkubwa alikuwa nyuma ya kiti muda wote. Mtu mwenye kifua kile, aliyewahi kumtoa mtu damu puani kwa sababu tu alimcheka dada yake, siku hiyo alisimama kama nguzo.

Aliyewaokoa ni Mama Mayai. Alirusha trei zima la mayai likampasukia baunsa usoni, akarusha la pili, akawauliza wanaume wa soko kama walikuwa wamekuja kutazama sinema. Wapagazi wakaona aibu, wakaingia na mikokoteni yao. Mabaunsa wakakimbia huku wakiteleza kwenye viini.

Sasa ujue ugomvi wenyewe ulitoka wapi. Cherehani ya Jenerali ilikuwa ghorofa ya juu ya soko, na njia ya kwenda juu ilikuwa ngazi tupu. Kila asubuhi kaka yake alimbeba mgongoni, na jioni akamshusha. Maisha yakaenda hivyo miaka, mpaka Kimya alipokuja kuchomelea mageti ya soko, akaona, akamwandikia kwenye simu: "Hapa panatoka njia ya mteremko. Chuma ninacho. Tatizo ni vibanda."

Vibanda vilikuwa vya Mwenyekiti wa soko, kavipanga kando ya ngazi, na hakutaka kusikia habari ya kuviondoa. Jenerali akakusanya watu: mzee wa magongo, kina mama wenye watoto mgongoni, wapagazi waliochoka kuvunjika viuno, na Mama Mayai aliyewahi kuporomoka na mzigo mzima. Wakajaa ngazini siku nzima, hakuna kupanda wala kushuka, wanadai kitu kimoja: Mwenyekiti aje awabebe mmoja mmoja. Mwenyekiti alitukana mpaka sauti ikamkauka. Baraza la soko likaamua vibanda vitoke na njia ijengwe. Hapo ndipo Jenerali alipolipata jina lake.

Kimya akapewa kazi ya kuijenga, akapata na fundi wa kumpenda. Chumbani kwake alishapanua mlango, akashusha meza na jiko vifike mahali ambapo mtu aliyekaa anafika. Taa ya mlangoni aliiunga ili iwake mgeni akibonyeza kengele. Kilichobaki kilikuwa harusi, na usiku wa kuamkia ile siku ya nondo waligombana kwa sababu yake. Jenerali alimwomba muda, kaka yake hajakubali. Kimya akajibu: "Nimechoka kuwa mtu wa kungojea chini ya ngazi. Siku moja nitaifungua hii kamba niende zangu."

Kwa hiyo utaelewa hali ilivyokuwa hospitalini.

Kimya alilala na plasta mpaka begani, mbavu zimefungwa. Jenerali alikaa kwenye kiti cha kuazima, uso umevimba, pengo mdomoni.  Kisha Kimya akaichukua simu kwa mkono wa kushoto.

"Kwa nini hukuvuta?"

Jenerali alisoma mara mbili, machozi yakamtoka kwa hasira.

"NILIVUTA. Wewe ndiye uliyeifungua kamba. Ulisema utaifungua na ukaifungua."

Kimya akamtazama kama anayemtazama mtu mgeni. Akaweka simu chini, akafunua shuka polepole kwa maumivu. Suruali ya kazi walikuwa hawajamvua. Kwenye mkanda, fundo lilikuwa pale pale, limekaza, na kamba ndefu ikining'inia.

Jenerali akasogeza kiti. Akaivuta kamba mpaka mwisho wake, akaushika kwa vidole viwili kama anavyoshika pindo la nguo. Haukuwa mwisho uliochanika. Ulikuwa umekatwa safi, isipokuwa uzi mmoja uliobaki mrefu, umechomoza.

 Ule uzi aliujua. Mkasi wake mkubwa una pengo kwenye makali, na kila kitambaa unachokata huacha uzi mmoja hivyo hivyo. Wateja humlalamikia kila siku. Na mkasi huo hukaa kwenye mfuko unaoning'inia nyuma ya kiti, mahali ambapo mkono wake haufiki mpaka aliye nyuma ampe.

Kimya akaandika: "Nani alikuwa nyuma yako?"

 Jenerali alipiga simu.

"Kaka, uko wapi?"

"Nyumbani. Nakupikia, nikuletee kitu cha moto. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Njoo na mkasi wangu."

"Mkasi upi tena?"

"Ule uliokatia kamba."

 Kisha akasikia pumzi, na kaka yake akasema anakuja.

Alikuja kweli. Hakuleta chakula. Aliuweka mkasi kitandani, akasimama. Jenerali akamwita asogee, akamwinamisha kwa kola, akamtandika kofi lililogeuza vichwa vya wodi nzima. Akamtandika la pili. Kaka hakukinga.

"Waliniambia watavunja vyuma vya njia tu," alisema. "Nikate kamba ukiwa unatazama pengine, asigeuke, wavunje, waondoke. Mwenyekiti aliniapia hawatamgusa mtu."

"Na ulipoona wanamgusa?"

"Miguu ilinigoma."

"Ile haikuwa kamba, kaka. Yalikuwa masikio yake. Wewe peke yako nilikuambia."

"Nilitaka akate tamaa aende zake! Nimekubeba tangu una miaka sita. Sikuoa, sikusafiri, sikukuacha hata siku moja. Leo anakuja mtu na vyuma vyake, soko zima linamshangilia, mimi naonekana punda aliyezeeka. Mgongo huu ulikukosea nini?"

Akaupiga ngumi ukuta, akaupiga tena, mpaka vidole vikachubuka na damu ikachuruzika kwenye rangi nyeupe. Nesi akaja mbio. Jenerali akamwomba asubiri kidogo tu.

"Haukunikosea," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa chini. "Ila nikibanwa na haja, nakungoja wewe. Ukiumwa, mimi sina kazi. Siku ile ulipokasirika kwa sababu nilicheka na mteja, uliniacha juu mpaka soko likafungwa. Nilijikojolea pale pale mezani, kaka. Sikuwahi kukuambia. Nakupenda, lakini nimechoka kukuomba njia."

Kaka akauachia ukuta. Akakaa sakafuni na kujiinamia.

Kimya alikuwa amewasoma midomo tangu mwanzo. Alishuka kitandani akijishika mbavu, akamwinua shemeji yake kwa shati, na kwa ule mkono mmoja uliobaki akamvurumishia ngumi ya mdomo. Kaka akagonga kabati, akajifuta damu, akabaki amesimama anangoja nyingine. Nyingine haikuja. Kimya, mtu ambaye sauti yake waliwahi kuisikia wachache sana, nzito na iliyopinda, alitoa neno moja tu:

"Kituoni."

Kaka akaenda. Lakini njia ya kituoni ilipita sokoni, na alipomkuta Mwenyekiti anakunywa soda kivulini, akili ikamruka. Alimkamata shingo akamburuta mpaka kwenye vyuma vya njia, akambamiza navyo uso mara kadhaa huku akimwambia awaeleze watu alimtuma nani na kwa kazi gani. Mwenyekiti, meno yakimtoka, akaeleza yote, na majina ya mabaunsa akayataja. Wapagazi ndio waliomnasua, na hawakufanya haraka. Kisha kaka akamshika mkono kama rafiki yake, wakaingia kituoni pamoja, akamwambia askari wa zamu: "Huyu alipanga. Mimi nilikata kamba. Tuandike wote."

Njia ilikamilika bila mkono wa kulia wa Kimya. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mkono wenye plasta umefungwa shingoni, akiwaelekeza vijana wa kuchomelea kwa ishara, na kila walipokosea aliwarushia mawe madogo. Jenerali alikaa pembeni, kamba mpya mkononi, ingawa hakuwa na sababu ya kuivuta. Wakati mwingine alivuta tu ili ageuke amwone.

Harusi wakaifanyia juu, kwenye ukumbi wa soko, katikati ya meza za vitambaa. Mama Mayai alikuja na gauni alilomdai Jenerali alishone bure, akisema ni fidia ya mayai. Mzee wa magongo alipanda wa kwanza, akateremka, akapanda tena kwa raha zake.

Bibi harusi alipofika chini, alimkuta kaka yake. Alikuwa ametoka kwa dhamana siku chache nyuma, amekonda, na shati amelipiga pasi. Alipoona kiti kinakuja, mazoea yakamzidi nguvu. Akageuka, akachuchumaa, akaweka mgongo tayari.

 Jenerali akampita.

Alipanda kwa mikono yake, polepole, vazi limekunjwa mapajani. Katikati gurudumu lilikwama kwenye ukingo, likaanza kurudi nyuma, na kaka akaruka mikono mbele.

"Usiniguse."

Kaka akaiweka mikono nyuma, akaishikanisha isije ikamsaliti. Jenerali akavuta pumzi, akasukuma, likapita. Juu, Kimya alikuwa anangoja na suti yenye mkono mmoja uliokatwa kuipisha plasta. Akainama, akachukua ncha ya kamba kutoka kwenye kiti, akaifunga kiunoni kwake mbele ya watu wote. Vigelegele vikalipuka.

"Na mimi?" Kaka aliuliza kutoka chini, kwa sauti ndogo ambayo haikufanana na kifua chake. "Mimi nifanyeje, dada?"

Jenerali akageuza kiti. Akamtazama kaka yake, pengo lake likionekana alipoanza kusema.

"Panda. Njia ni ya wote, kaka. Kushika kamba, bado."

Kaka akaitikia kwa kichwa. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akaweka mguu kwenye chuma, na akaanza kupanda taratibu, akiwa hajabeba mtu.