Bastola Kutoka Igunga

Rafiki yangu Sabiri ni fundi wa silaha mwenye kibali hapa Tabora, na tangu Ijumaa hataki kuona nyama. Aliponisimulia sababu, alitema mate mara tatu.

Siku hiyo alikata kucha kama kila Ijumaa, akaenda kuswali. Aliporudi alimkuta Vedasto, mfugaji wa Igunga, ameleta bastola kuukuu.

"Shikamoo, fundi. Nikagulie hii kabla sijainunua."

"Marahaba. Ya nani?"

"Ya marehemu mmoja. Mjane wake haishiki hata kwa leso."

Sabiri akahakikisha haina risasi. Silinda ilizunguka vizuri, nyundo ikagonga tak, sawasawa. Lakini kitambaa alichopitisha kwenye mtutu kilitoka na ute wa njano unaonuka kidonda kilichooza. Akapitisha cha pili, kikatoka vilevile. Ndani mlisikika mkwaruzo, kama panya ndani ya debe.

Mafundi hukagua mtutu kwa kuweka ukucha wa kidole gumba nyuma yake, ili ukucha urudishe mwanga ndani ya lile giza. Sabiri akaweka kidole chake, akachungulia kwa mbele. Aliona ukucha mrefu, wa njano, wenye uchafu mweusi pembeni.

Akakitoa kidole haraka, akakitazama: ukucha wake ulikuwa mfupi, safi, kama alivyoukata asubuhi.

Akachungulia tena. Ule mrefu ulikuwa bado mle ndani, unakwaruza chuma taratibu, unakuja upande wa jicho lake.