Saa ya Nyegere Mkononi mwa Mjomba

"Nyegere, acha kumfuata. Sasa hivi!"

Sauti ya daktari wa idara ya ujasusi ilimpasua sikio kupitia redio. Jasusi Nyegere alikuwa akishuka ngazi za jengo la maegesho mbili mbili, bastola ya Glock mkononi. Ghorofa moja chini, mgeni wa suti ya kijivu alikuwa akitimua mbio na mkoba. Ndani ya mkoba, ramani ya mtambo wa umeme na mahali pa kutega baruti.

"Daktari, namkaribia!"

"Saa yako inanitumia mapigo ya moyo ya ovyo tangu asubuhi. Hayana mpangilio hata kidogo. Moyo ukienda hivyo, damu inaganda ndani yake. Bonge moja likipanda ubongoni, ni kiharusi. Kaa chini!"

Nyegere akatazama mkono wake.

Hakuwa na saa.

Lo!

Saa zile ziliwachongea majasusi kwa wakubwa: yuko wapi, anakimbia au ametulia. Basi wenyewe wakabuni mchezo wao. Ukitaka kuingia ulikokatazwa, unamvisha dereva saa yako, wakubwa wanaona umejikalia garini. Leo mkuu alikataza mtu kuingia humu bila kikosi. Na dereva wa Nyegere alikuwa mjomba wake wa damu, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Sasa hivi mzee huyo alikuwa nje, ameshika usukani, tayari kuziba geti kwa Land Cruiser.

Kusema ukweli kulikuwa kumwaga unga wake mwenyewe.

"Daktari, saa kavaa Mjomba."

"Mungu wangu! Asiendeshe! Mwambie acheke, halafu anyanyue mikono. Mdomo ukienda upande au mkono ukilegea, niambie haraka."

Nyegere akabadili mawimbi ya redio, huku miguu haijasimama.

"Mjomba, zima gari. Cheka!"

"Nicheke nini, wewe mtoto? Huyo mtu wako yuko wapi?"

"Jitazame kwenye kioo, cheka!"

Kicheko kikavu kikasikika. "Haya. Meno niliyobakiza yote yapo."

"Mdomo umekaa sawa?"

"Umekaa ulipokuwa jana."

"Mikono juu!"

"Unanikamata?"

"Mjomba, nakuomba!"

"Ipo juu, yote miwili. Mbona unanitisha?"

Nyegere alishusha pumzi. Lakini geti sasa lilikuwa wazi, na mgeni alikuwa amelifikia.

Akaruka ukingo wa ngazi.

Alitua juu ya paa la gari lililoegeshwa, kisha mgongoni mwa mgeni. Ngumi moja. Mkoba akaunyakua. Pingu kwenye nguzo ya geti.

"Mlindeni," aliwaambia walinzi wa geti, akakimbilia Land Cruiser. "Sogea, Mjomba. Leo naendesha mimi."

Hospitalini, kipimo cha moyo wa Mjomba kilithibitisha hofu ya daktari. Daktari alimshika Nyegere bega.

"Huenda ametembea na hali hii kwa miezi, bila kujua. Anaanza leo dawa ya kuzuia damu kuganda. Tumewahi."

Mkuu wa idara alikuwa akimngoja koridoni, mkono kaunyosha.

"Bastola. Kitambulisho."

Nyegere akavitoa.

"Na saa?"

"Saa mwachie Mjomba, mkuu. Kwangu haikuwa na kazi."

Akaondoka zake taratibu, mikono mfukoni, kurudi kwa Mjomba.