Karatasi Ndani ya Kiatu

Kila asubuhi Kasuku na binamu yake walifagia ua, wakaoga, kisha wakaongozana kwenda shule. Kasuku alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Binamu yake hakusema neno mpaka aulizwe.

Basi mwalimu alipomchagua binamu kusoma shukrani kwa mgeni, fundi cherehani aliyealikwa kuzungumza na wanafunzi katika ukumbi wa maktaba, Kasuku aliona wivu ukimchoma rohoni.

"Shukrani zisomwe na mtu anayeona haya hata kumwamkia jirani, nami nipo?" alinung'unika.

Siku ilipofika, binamu akiwa anaoga, Kasuku alichomoa karatasi ya shukrani kutoka daftarini mwake, akaikunja na kuisokomeza ndani ya kiatu chake mwenyewe.

Ukumbini, binamu alipekua mkoba mara tatu, machozi yakimlengalenga. Kasuku akatazama dari. Alidhani angefurahi, lakini wapi.

Mgeni aliinua gauni lenye mshono uliokwenda kombo.

"Nililishona nikiwa bado najifunza kazi," alisema. "Mwenzangu alisifiwa, nikamwonea kijicho. Badala ya kutazama sindano, nikawa namtazama yeye. Leo karakana yangu ina sheria moja. Aliyekosea hagombezwi, ila hufumua mshono wake mwenyewe, mbele ya wenzake."

Karatasi ilimkera Kasuku unyayoni. Mwalimu alikuwa ameshasimama ili amwite binamu. Kasuku akavua kiatu, darasa zima likimtazama.

"Niliichukua mimi," alisema, akimpa binamu yake karatasi. "Nilikuonea wivu. Nisamehe."

"Ndiyo maana unachechemea tangu asubuhi," binamu alijibu bila kutabasamu. "Na inanuka soksi."

Akaikunjua, akaanza kusoma kwa sauti ndogo. Sauti ikapanda polepole, hata waliokaa nyuma wakasikia kila neno.

Baada ya makofi, fundi alimwita Kasuku, naye akaenda ameinamisha kichwa.

"Umefumua kwa mkono wako, mwanangu, na hilo si jambo dogo," fundi alimwambia. "Wivu ni mshono uliopinda. Ukiuwahi, kitambaa bado kinafaa. Sasa shona upya: mwenzako akisifiwa, mtazame ujifunze, usimtazame umchukie."

"Nimesikia, shikamoo," Kasuku alisema, amebabaika hata salamu ikaja mwisho.

Walirudi nyumbani Kasuku akiwa kimya njia nzima. Karibu na lango, binamu yake ndiye aliyeanza kuongea.