Damu ya Meleane

Ukitaka kubisha, kabishane na Feleti, fundi mwenzangu hapa Nuku'alofa, kisiwani kwetu. Mimi sipambi maneno.

Dada yake, Meleane, alikuwa chumba cha mahututi, sumu imeenea kwenye damu. Kwetu kaka haingii anapolala dada yake, kwa hiyo Feleti alishinda mlangoni siku tatu, akilia. Nesi akamtokea na bakuli la barafu, kichupa cha damu kimezamishwa katikati.

"Kaka, mbebaji wa damu hayupo. Ikimbize maabara, chini. Kipimo cha sumu kikipanda tena, hatuna la kufanya."

Taa za ngazi zilikuwa zimekufa. Katika giza lile akasikia nyuma yake miguu peku, kisha kikohozi anachokijua tangu utotoni. Akajibanza ukutani, macho chini, kama tunavyowapisha dada zetu. Miguu ikampita ikishuka.

Maabara, mpimaji akatikisa kichwa. "Umechelewa, bwana. Damu ya Meleane nimeshaipima. Pole, kipimo kimepanda."

"Nani kaileta?"

"Dada mmoja, hana viatu. Kasema kaka yake ana miguu mizito."

Feleti akatazama bakuli. Barafu ilikuwa haijayeyuka, na katikati yake palikuwa na tundu tupu, upana wa kichupa.