Kiumbe Asiye na Mdomo Alimwita Milcah

— Milcah, kaa chini.

Sauti haikutoka kwa jirani. Ilitoka kwa kile kiumbe kwenye skrini.

Milcah alikuwa ameshasimama, mkoba begani, anatafuta njia katikati ya magoti ya watu. Hakupenda kumwona yule msichana wa Kizungu akibebwa kwenda kwenye sahani ya angani. Watu wote ndani ya ukumbi wa video wa Osundwa, hapo Lumakanda, walimgeukia. Mama mmoja aliacha kutafuna njugu, mkono ukabaki karibu na mdomo.

Ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya siku zile Wazungu walipoanza kurusha vyombo angani wakaogopa ni nani atakuja kurudisha salamu. Ilitengenezwa kwa pesa kidogo. Chombo cha wageni kilikuwa kama vifuniko viwili vya sufuria vilivyobanwa pamoja, na uzi uliokishikilia ulionekana. Kiumbe mwenyewe alikuwa mtu ndani ya gunia lililopakwa rangi ya fedha, macho mawili makubwa, mdomo hana. Watu huchekanga hapo. Jumapili hiyo hakuna aliyecheka.

— Kaa, mpenzi. Najua umesimama. Kila mara ukifika hapa unasimamanga.

Senge Rachael, dada ya baba yake, alimvuta sketi.

— Hiyo si sauti ya Kiprotich?

Ilikuwa yake. Kiprotich ndiye alikuwa DJ wa Osundwa, yule wa kutafsiri picha kwa Kiswahili, anaongea badala ya kila mtu: mzee, msichana, hata mbwa. Picha za viumbe alizipenda kuliko zote. "Hawana mdomo," alimwambia Milcah wakati wa uchumba wao, "kwa hivyo naweza kuwawekea neno lolote." Kisha msimu wa maharagwe akaondoka, na hakurudi. Milcah akipiga simu, inashikwa, lakini hakuna mtu anayeongea. Kuna pumzi tu, inapiga mluzi kama upepo kwenye shingo ya chupa. Baadaye ujumbe ukaingia:

"Nimeoa. Usipige tena."

Senge alisema hiyo pumzi ni ya mke, anasikiliza. Sasa wazee wa Mike, kijana mwenye lori la mahindi, walikuwa wanangoja kuambiwa kama waje nyumbani kuposa, na Milcah alikuwa hajajibu.

Kwenye skrini kiumbe alimwinua msichana polepole, kisha akageuza yale macho makubwa upande wa watu.

— Milcah, kesho natolewa sauti. Daktari amesema ugonjwa uko kwa koo. Wataukata, na sauti itaenda nao. Nikikuambia neno baya baadaye, ujue ni aibu inaongea.

Hapo msichana wa Kizungu akapiga mayowe, na mayowe yenyewe yalikuwa ya Kiprotich, membamba, vile alivyozoea kuwafanyia wanawake. Picha ikaendelea kama hakuna kilichosemwa.

Milcah hakukaa. Alienda moja kwa moja nyuma ya pazia, Senge akimfuata. Osundwa alikuwa amesimama karibu na mashine, jasho kwenye paji.

— Yuko wapi?

— Milcah, nakuapia sikujua hiyo sauti imo ndani. Aliniandikia nifute picha ya mwisho aliyotafsiri. Nikaona ni hasara, nikaiweka bila kuisikiliza.

— Nimekuuliza yuko wapi.

— Aliniapisha nisiseme.

— Kwa sauti gani?

Osundwa aliinama.

— Kwa dada yake Jepkoech, kule Buyangu. Anachunga miche kando ya msitu. Hakuna mke.

Senge alikaza leso kiunoni.

— Hata hivyo fikiria, mwanangu. Mike ana sauti, na anajua kuitumia. Mtu asiyeongea utaishi naye aje? Nyumba itakuwa kama kaburi.

— Nitajua nikiiona, Senge.

Asubuhi iliyofuata Buyangu ilikuwa ndani ya ukungu. Miche ilipangwa chini ya neti nyeusi, kila mmoja kwenye kikaratasi chake cha nailoni, na udongo ulikuwa bado unatona maji. Birika lilitoa mvuke kwenye mafiga. Mtu hakuonekana.

— Kiprotich.

Mbega waliokuwa wakivunja matawi juu walinyamaza. Kisha akausikia. Ule mluzi wa kwenye simu, sasa kati ya miti. Ukaja, ukakatika, ukaja tena. Upepo haukuwepo, hakuna jani lililotikisika.

Alikuwa amesimama katikati ya vigogo viwili. Koti la mvua la kijivu, kofia yake imefunika kichwa, skafu imepanda hadi puani. Macho tu ndiyo yalionekana.

Milcah alikaza mkoba begani. Akapiga hatua mbele. Kiprotich akarudi nyuma, vidole vikiandika kwenye simu yake. Simu ya Milcah ikatetema mkononi.

"Rudi nyumbani."

— Sirudi. Mke wako yuko wapi?

"Hakuna."

— Basi wewe ni mwongo.

"Ndiyo. Ulipenda sauti yangu. Imeisha. Watoto wakinisikia wanakimbia."

— Sauti ilikuwa ya Lumakanda yote. Hata mbwa wa kwenye picha aliipata. Mimi nilikuwa na mtu.

Aliandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika tena.

"Giza likiingia, nitakuita na nini?"

— Utanigusa. Kwani kwetu watu huitana na spika?

Mabega yake yakatetemeka. Kicheko kikatoka chini ya skafu, kavu, chenye mluzi, na ndege mmoja akaruka kutoka majanini. Milcah hakurudi nyuma.

— Toa hiyo skafu.

Alitikisa kichwa. Milcah akaifungua mwenyewe, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili. Tundu dogo shingoni, mrija ndani yake, na utepe mweupe wa kuushikilia, uliopinda na kushika vumbi upande wa kushoto. Aliuangalia kama mtu anayekagua mshono wa nguo.

— Nani anakusafishia?

"Mimi. Kwa kioo."

— Maji unachemsha?

"Ndiyo."

— Na huu utepe umeufunga kama miguu ya kuku wa kupelekwa sokoni.

Akanawa mikono kwa maji ya birika. Alikuwa ameanza kuufungua utepe polepole simu ilipolia, Kiprotich akaishika na kuiweka kwenye spika. Senge.

— Umemwona?

— Nimemwona.

— Ako aje?

— Amekonda. Ana tundu kwa shingo, anapumulia hapo.



— Mungu amhurumie. Na watu wa Mike niwaambie nini?

— Waambie asante, wasije.

— Milcah, mbele ya pastor kuna swali huulizwanga, na mtu hujibu. Huyu atajibu na nini?

— Atainamisha kichwa.

— Na asipoinamisha?

— Basi nipeleke kwa Mike siku hiyo hiyo, na chakula cha harusi kiliwe.

Kiprotich, aliyekuwa amesikia yote, aliinamisha kichwa kwa nguvu, mara moja, kisha tena, machozi yakimshuka hadi kidevuni.

— Bado, wewe — Milcah akamwambia, vidole vyake vikikaza fundo jipya. — Pastor hajauliza. Simama wima nimalize.