Honi ya Adhuhuri

Bashayer, binti wa khalati yangu, dada wa mama, hakurogwa na mtu. Alijiroga kwa mkono wake mwenyewe. Mwezi wa saba, adhuhuri, lami ya mtaa wa Azaiba inachemka, yeye kaegesha gari nje ya mgahawa wa chai, kiyoyozi kinampuliza, anapiga honi aletewe. Kushuka, hashuki. Wallahi nna hasira naye mpaka leo.

Nassimbwa, Mganda anayehudumu pale, akatoka mbio na chai. Honi tena: sukari haitoshi. Honi: kifuniko kiko wapi? Honi: tishu. Mara ya nne alikuja anajishikiza ukutani, midomo imemkauka, akainama dirishani.

"Dada," alinong'ona, "kwako hakuna wa kukuitikia?"

Bashayer akampandishia kioo usoni.

Kesho yake mchana, nyumbani kwake Bustan, mbali na Azaiba, honi ya gari ikalia uani. Ufunguo uko mezani. Mwanawe Shatha, miaka sita, akaacha wali wake, akachukua trei, akatoka pekupeku juani mpaka kwenye dirisha la gari tupu.

"Labeka," akasema.

Nyayo zilimbabuka. Hakulia.

Siku ya pili ikalia mara mbili. Ya tatu, mara tatu. Fundi akatoa betri. Ikalia. Bibi yake Shatha akafunga mlango kwa komeo, mtoto akawa anaugonga kwa kichwa. "Naitwa, bibi. Naitwa."

Nikamwambia Bashayer: mtoto atakufia! Nenda kamtake radhi yule mwanamke, uso kwa uso. Akalia, akakubali. Betri ikarudishwa, Shatha akabaki na bibi yake, mlango umekomewa.

Akafika Azaiba, akaegesha palepale. Nje jua kali. Kiyoyozi kinampuliza. Nassimbwa yuko ndani anafuta meza.

Akapiga honi. Astaghfirullah! Kaenda kuomba radhi, kapiga honi!

Nassimbwa hakutoka. Aliinua macho tu, akatikisa kichwa.

Kioo cha upande wake kikagongwa, polepole. Shatha. Pekupeku. Trei mkononi.

"Labeka, mama. Nikuletee nini?"

Bashayer akafungua mlango. Hakuna mtu. Akampigia bibi simu.

"Mtoto yupo, kalala," bibi alisema. "Mlango sijaufungua. Lakini hii lami miguuni kaitoa wapi?"

Tumeisugua kwa sabuni, kwa mafuta ya taa. Haitoki.